Kiti cha Njano na Choo Kisicho na Ukuta

Nyumba Namba 47,
Mtaa wa Cutler,
Brennock, Pennsylvania.
10 Machi 2014

Kwa Mheshimiwa Meya Douglas Kopchak na Waheshimiwa Madiwani,
Baraza la Mji wa Brennock.

KUH: NYUMBA YANGU MNAYOTAKA KUICHUKUA JUMANNE YA TAREHE 18

Mheshimiwa Meya,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Waheshimiwa Madiwani, na kwamba jana kila mmoja wenu alilala katika nyumba yenye vyoo viwili vilivyozungukwa na ukuta, kama sheria inavyotaka.

Mimi ni Verna Hudak, mjane wa marehemu Emil Hudak wa kiwanda cha chuma, umri wangu miaka sabini na miwili. Nimeishi namba 47 Mtaa wa Cutler tangu nilipoolewa mwaka 1964. Siku uliyobatizwa, Mheshimiwa, ni mimi niliyekushika wakati mama yako Theresa akitafuta kitambaa cha kukufutia, kwa hiyo utanisamehe nikisahau cheo chako mahali fulani huko mbele.

Nimepokea taarifa yenu. Inasema kuwa nyumba yangu na nyingine kumi na moja za mtaa wetu ni "chakavu", na kwamba Baraza litapiga kura kuzichukua, kuzibomoa, na kumkabidhi mwekezaji kiwanja ajenge hoteli na nyumba za kifahari zinazotazama mto. Nianze kwa shukrani, maana nililelewa vizuri. Kwa miaka kumi na minne gari la mji la kuzoa theluji halijapanda mtaa wetu. Tulidhani mmetusahau. Kumbe mlikuwa mnatuacha tuchakae taratibu, kama mtu anavyoacha pea ziive dirishani. Nawashukuru kwa uvumilivu wenu.

Hata hivyo ninayo malalamiko machache, nami nimeyapa namba ili karani asipate taabu.

1. Kuhusu kiti.

Alhamisi ya tarehe 13 Februari theluji ilifika magotini. Nilitoka na koleo la Emil saa moja asubuhi, nikazoa mbele ya nyumba yangu mpaka saa tatu na nusu, nikapata nafasi ya gari moja. Goti langu la kulia, ambalo ni la chuma, lilikuwa likilia kama bawaba. Nilipomaliza nikafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili hufanya katika mji huu: nikatoa kiti changu cha njano cha jikoni, nikakiweka katikati ya ile nafasi kinishikie mpaka nirudi, nikaingia kwenye gari langu nikaenda duka la dawa.

Sina haja ya kukueleza wewe maana ya kiti hicho. Baba yako aliweka kiti. Polisi wakikiona kiti hukizunguka. Padri akikiona kiti huenda kuegesha kule chini kwenye duka la rangi, apande mlima kwa miguu na sakramenti ya mgonjwa mfukoni. Miaka yote hii sijamwona mlevi aliyelewa kiasi cha kugusa kiti cha mtu.

Niliporudi, kiti kilikuwa kimelala chali juu ya lundo la theluji, miguu hewani, na mahali pake pamesimama gari la kijivu. Mlangoni kwangu alisimama Bwana Prescott Lindell, mshauri wenu wa mipango kutoka Philadelphia, ameshika karatasi.

"Bwana, hicho kiti umekitoa wewe?" nikamuuliza.

"Kiti gani? Ah, kile kilichotupwa barabarani?"

"Hakikutupwa. Kiliwekwa."

Akanitazama kwa huruma, kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyeanza kupoteza kumbukumbu. "Mama," akasema, "barabara ni mali ya umma. Mtu hawezi kujifanya mwenye kitu kwa kuweka tu kiti juu yake."

Kisha akaweka karatasi juu ya nyumba yangu. Aliibandika mlangoni kwa gundi ya karatasi, Mheshimiwa, mbele ya macho yangu. Karatasi hiyo ndiyo inayosema kuwa mji unakusudia kuwa mwenye nyumba hiyo.

Nimeifikiria hoja ya Bwana Lindell siku nyingi na nakiri kuwa ni mtu msomi. Mimi nikizoa theluji kwa muda wa saa mbili na nusu kwenye mali ya umma kisha nikaweka kiti, nimevunja sheria. Mji ukikaa miaka kumi na minne bila kuzoa chochote kisha ukaweka karatasi kwenye mali yangu, huo ni mpango wa maendeleo. Tofauti, kwa kadiri ninavyoelewa, ni kwamba kiti kinakalika.

Jirani yangu wa namba 44, Bwana Walt Matuszak, alifungua dirisha la juu. "Verna, huyo jamaa amegusa kiti?"

"Amekigusa, Walt."

"Basi kwisha habari yake," akasema, akafunga dirisha.

Bwana Lindell aliingia ndani kukagua, nami nikampikia kahawa. Alipotoka, gari lake halikuonekana. Lilikuwa chini ya theluji mpaka juu ya madirisha, na juu ya theluji hiyo mtu alikuwa amemwaga maji, ndoo kadhaa kwa hesabu yangu, yakaganda. Sijui ni nani, maana nilikuwa jikoni. Nilimwazima Bwana Lindell koleo la Emil. Nimesoma ripoti yake, ameandika kuwa "wakazi hawakutoa ushirikiano". Ningependa ripoti irekebishwe ioneshe kuwa koleo lilitolewa, pamoja na kahawa vikombe viwili.

2. Kuhusu choo.

Sheria ndogo namba 31 inasema nyumba ni chakavu ikiwa haina banda la gari lililoungana nayo, na ikiwa ina choo kimoja tu. Banda la gari sina. Watu waliojenga mtaa huu walikwenda kiwandani kwa miguu, na hawakuona sababu ya kulijengea chumba gari wasilokuwa nalo. Lakini vyoo ninavyo viwili. Kimoja kiko juu. Cha pili kiko chini ya nyumba, kando ya tanuri la kupashia nyumba joto, na hapo ndipo mimi na Bwana Lindell tulipotofautiana.

Alishuka ngazi, akawasha taa, akasimama.

"Hiki ni nini?"

"Choo."

"Mbona kimesimama katikati ya chumba?"

"Ulitaka kisimame wapi?"

"Lakini hakina ukuta, mama. Hakina mlango. Hakina kitu."

"Nyumba ina mlango. Ndani ya nyumba tulikuwa tunajuana."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. "Sheria inasema choo kilichosimama peke yake chini ya nyumba bila ukuta kisihesabiwe kuwa choo."

Nikamwambia akikalie kidogo, kisha aniambie kama ni kabati. Hakukubali.

Emil aliingia kwa mlango wa chini kila jioni kwa miaka ishirini na sita akiwa mweusi kwa masizi kuanzia nywele mpaka soksi. Alivua nguo hapo, akaoga hapo, akamaliza haja zake hapo, akapanda jikoni akiwa mtu. Kila nyumba ya mfanyakazi katika mji huu ina choo kama hicho, na wewe Douglas ulijifunzia kwenye cha babu yako Mtaa wa Vine, tulisikia habari zake ulipofanikiwa. Chuma kilichotoka kwenye kiwanda kile kiko kwenye madaraja ya nchi nzima. Wanaume waliokitengeneza, kumbe, hawakuwa na choo. Sijui walikuwa wanafanya nini mle chini.

Sijui pia ni nani aliyetunga sentensi hiyo ya ukuta. Ningependa kumwona macho kwa macho, nimweleze. Nitakwenda ofisini kwenu kuomba nakala ya sheria yote na viambatisho vyake niiambatanishe na barua hii, ili umma ujue ni kichwa gani kilikaa chini, kikachukua kalamu, na kuamua kuwa jasho la watu lihesabiwe kwa kuta.

3. Kuhusu umma.

Katiba yetu inasema serikali haiwezi kuchukua mali ya mtu ila kwa matumizi ya umma, na kwa fidia ya haki. Fidia sitaigusa, kwa sababu niliposoma mnachokiita haki nilicheka mpaka nikaketi. Nizungumzie umma.

Walioandika maneno hayo walivaa wigi na walipokwenda haja walikwenda nje, kwenye kibanda. Kwa sheria ndogo namba 31, nyumba zao zote zilikuwa chakavu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na choo cha pili ndani. Ni bahati kubwa kwamba Baraza la Brennock halikuwapo siku zile. Nchi ingekuwa hoteli kabla haijapata jina.

Ijumaa iliyopita tulikuwa katika chumba cha chini cha kanisa la Mtakatifu Kirili tukitengeneza pirohi za Kwaresima, tukifunga viazi ndani ya unga, wanawake kumi na wawili mezani, mimi na mama yako tukifinya kingo. Nikamuuliza Theresa umma ni nani.

"Dougie anasema hoteli itamfaa kila mtu," akasema.

"Kila mtu yupi?"

"Si kila mtu tu. Watu. Watakaokuja."

"Sisi tuliopo je?"

Akafinya pirohi ile mpaka viazi vikatokea upande wa pili. "Verna, usinianze. Mwenzio nina presha."

Basi nimejijibu mwenyewe. Umma ni mtu ambaye bado hajafika. Ana gari zuri, anapenda kutazama mto akinywa kitu, na anastahili jikoni yangu kuliko mimi. Sina kinyongo naye. Naomba tu, kwa kuwa mimi nami nilikuwa umma mpaka mwezi uliopita, nipewe ufunguo wa chumba kitakachojengwa mahali ilipo jikoni, nikitumie siku za Jumapili. Nitakuja na matandiko yangu.

Na kwa kuwa tunazungumzia ahadi za umma, nawakumbusha kiwanja cha namba 49, pembeni yangu. Mji uliichukua nyumba ile mwaka 1991 kwa sheria hii hii, ukaibomoa kwa siku moja, ukasema patakuwa na bustani ya watoto na maegesho. Hakuna bembea hata moja. Hakuna kitu isipokuwa pilipili hoho zangu na nyanya, ambazo nimezipanda pale kila kiangazi kwa sababu nafsi yangu haipendi kuona udongo umekaa bure. Umma unaofaidi kiwanja kile, kwa miaka ishirini na mitatu, ni mimi na sungura. Sasa hicho nacho mnataka kukichukua tena, kama vile mtu anayemeza tonge lile lile mara mbili.

4. Kuhusu haki sawa kwa wote.

Nimeelewa kanuni yenu: kitu si cha aliye nacho, ni cha atakayekitumia vizuri zaidi. Nimeona ni kanuni nzuri sana na inasikitisha kuona mnaibania kwenye mtaa mmoja. Kwa hiyo nimefanya ukaguzi wa mji mzima kwa gharama zangu, nikiwa na futi ya kamba ya Emil.

Jengo lenu la Baraza lina choo kimoja cha wananchi. Kimefungwa, na mwenye ufunguo yuko likizo. Banda la gari halina. Ni chakavu. Nashauri libomolewe kabla ya kikao cha Jumanne, ili kura ipigwe nje, mahali palipo wazi.

Nyumba yako, Mheshimiwa, ina vyoo vitatu, nakupongeza, lakini haioni mto. Hayo ni matumizi mabaya ya vyoo. Vihamishiwe mahali penye mandhari.

Makaburi ya Mtakatifu Kirili yako juu kabisa ya mlima, na hakuna mahali pengine panapoonekana mipindo yote miwili ya mto. Nimewakagua waliomo. Hawalipi kodi, hawana banda la gari, na hakuna mwenye choo hata kimoja. Emil amelala safu ya tatu, mahali ambapo mwekezaji angeweka bwawa la kuogelea bila kuchimba sana. Ninavyomfahamu Emil hatasema kitu, hakuwahi kusema mengi alipokuwa hai.

Na mkimaliza majengo, msiogope kuendelea. Mume wa Dolly Yurko ana tumbo na hafanyi lolote tangu astaafu. Yuko mwanamke wa duka la maua ambaye angemtumia vizuri zaidi, Dolly mwenyewe amekiri hivyo mbele yetu. Mimi binafsi nina goti moja la chuma na jino moja la bandia. Mkipata mwekezaji, nileteeni fomu.

5. Kuhusu mipaka.

Hapa naacha mzaha, nikiweza.

Mnadhani kiti ni ushamba. Bwana Lindell aliandika hivyo, kwa maneno marefu zaidi. Lakini kiti kina sheria, na kila mtoto wa mji huu anazijua bila kufundishwa. Huweki kiti mahali ambapo hukuzoa wewe. Huweki viti viwili. Hukiweki mbele ya nyumba ya mwingine hata kama nafasi yake ni nzuri kuliko yako. Na theluji ikiyeyuka, unakiondoa siku hiyo hiyo, unarudi kuwa mtu kama watu wengine. Yaani kiti chenye miguu minne kinajua mahali pa kukomea, na Baraza lenye madiwani saba halijui.

Naomba basi Baraza lifungwe na sheria ya kiti. Kabla hamjachukua kitu cha mtu, mje mzoe. Mje saa moja asubuhi na koleo, kila diwani na goti lake. Mkishazoa miaka hamsini, kama nilivyozoa mimi, mnaweza kuweka kiti chenu, nami nitaegesha kule kwenye duka la rangi nipande kwa miguu.

Ngazi za mbele ya nyumba yangu Emil alizimwaga zege mwenyewe mwaka 1971, na ndani yake alitia vyuma vilivyokataliwa kiwandani. Alisema zitadumu kuliko sisi. Alifia chumba cha mbele, kwa sababu alitaka kusikia magari ya Walt na wenzake yakihangaika kupanda mlima, akawa anakisia nani atashindwa. Binti yangu Carol ananiita kwake Arizona. Ni mtoto mwema na nyumba yake ina vyoo vinne. Lakini huko hakuna theluji, na mimi sijui mtu anajuaje mahali pake ni wapi kama hajawahi kupazoa. Naogopa, Douglas. Sikutaka kuliandika neno hilo kwenye barua ya ofisi, ila ndilo lililonitoa kitandani kila siku tangu tarehe 13 Februari.

Siombi msaada wala huruma. Naomba tu kiachwe kilicho changu. Mtu asiguse kitu ambacho hakukiweka.

Nisalimie mama yako, mwambie sina hasira naye na kwamba Ijumaa nitaleta kifimbo changu cha kusukumia unga. Wasalimie Madiwani wote saba na wake zao, karani wenu Bi Patty na paka wake, na mlinzi wa mlangoni. Msalimie Bwana Lindell. Mwulize gari linaendeleaje.

Nabaki mwananchi wenu mtiifu, na umma mstaafu,

Verna Hudak (Bibi)

Baada ya sahihi: 12 Machi.

Niliizuia barua hii siku mbili ili nipate ile nakala niliyoahidi. Leo asubuhi Bi Patty amenitolea faili la sheria ndogo namba 31 kutoka kwenye kabati la chuma. "Verna, una uhakika unataka viambatisho?" akaniuliza. Nikamwambia hivyo ndivyo ninavyovitaka hasa. Akaniachia meza yake, akatoka.

Kiambatisho cha kwanza ni maombi ya wakazi wa Mtaa wa Cutler, Aprili 1991, kuliomba Baraza liitangaze nyumba namba 49 kuwa chakavu. Yameandikwa kwa mkono. Ni mwandiko mzuri, wa kuinamia kulia, tuliofundishwa na masista. Yanasema nyumba haina banda la gari. Yanasema ina choo kimoja, "na choo kilichosimama peke yake chini ya nyumba bila ukuta kisihesabiwe kuwa choo". Sahihi ya kwanza ni yangu. Ya pili ni ya Emil. Ya tatu ni ya mama yako.

Nilikumbuka kutia sahihi karatasi. Sikukumbuka kuwa niliitunga mimi. Nilitaka kumwona mtu huyo macho kwa macho, na nimerudi nyumbani nikamwona kwenye kioo cha sebuleni.

Waliokaa namba 49 waliitwa Gaskins. Curtis na Lorraine, na watoto wawili wa kike. Walitoka Georgia, kule kusini. Maombi yanasema walikuwa na kelele. Hawakuwa na kelele. Nimekaa jikoni tangu adhuhuri nikijaribu kukumbuka walitukosea nini, na nilichokumbuka ni kimoja: majira ya baridi ya kwanza Curtis alikitoa kiti chetu cha wakati ule, akaegesha. Alitoka mahali pasipo na theluji. Hakujua. Alidhani kimetupwa. Hatukumwambia. Tulilifunika gari lake, na hatukumwazima koleo, na mwaka uliofuata nikachukua kalamu.

Emil alisita kabla ya kutia sahihi. "Verna," akasema, "hata chetu hakina ukuta."

"Nani atatugusa sisi?" nikamwambia.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kile kipengele cha pili nilichoandika juu ya choo, kifuteni. Cha kwanza pia kifuteni, na nitaeleza kwa nini. Siku walipohama walikuwa na gari dogo la mizigo, wakaenda safari ya kwanza. Kando ya barabara walikuwa wameacha masanduku kadhaa na kiti kimoja cha jikoni, cha njano. Jioni ile nilikiingiza ndani. Lorraine aliporudi nilimwona dirishani akikitafuta, akainama mpaka nyuma ya ngazi zangu, na mimi nikavuta pazia. Kwa miaka ishirini na mitatu nimesema kuwa nilikiokota, kwamba kilikuwa kimetupwa. Hakikutupwa. Kiliwekwa.

Cha tatu, cha nne na cha tano viacheni. Bado ni kweli, hata kama mwandishi wake hafai.

Mji hutunza anwani za watu unaowatoa, Bi Patty ameniambia, ili uwapelekee karatasi. Naomba anwani ya Bibi Lorraine Gaskins, popote alipo. Sina la kumwambia, ila nina kitu chake. Tafadhali nijibuni kabla ya Jumanne, maana baada ya hapo sijui jibu mtalipeleka wapi.

V. H.